Sanduku la Asali

Mashine ile ya kuoshea vyombo ililetwa kwa mkokoteni, imelala chali, mlango wake umefungwa kwa kamba ya katani. Mwenye nyumba moja ya wageni hapa Tabora alikuwa amechoka kuitazama ikiwa imekufa jikoni, akampa fundi majokofu aliye jirani yetu aivunje apate vipuri. Fundi aliitaka pampu na hita. Alipoufungua mlango, mama yangu alikuwa ukutani anaanika mboga. Akaona ndani: sanduku la chuma kisichoshika kutu, linang'aa kama sahani ya siku ya Idi.

Mama anauza asali. Kaka yake, mjomba wangu, anailina katika msitu wa Ipole na kumletea mjini. Msimu uliotangulia, mnunuzi wake wa Dodoma aliikataa nusu nzima kwa sababu ilikaa kwenye mapipa ya plastiki ikashika harufu ya mafuta ya kupikia. Aliahidi kuja mara moja tena, mara ya mwisho. Basi mama akamwomba fundi lile sanduku, aliwekee koki chini, asali itulie humo, nta na takataka zipande juu. Fundi akakubali kabla hajamaliza kuombwa.

Kisha ukatokea msiba Tura, na mama akalazimika kwenda. Mnunuzi alikuwa anakuja Jumamosi. Mama akaniambia, "Ijumaa nikirudi nikute asali imo ndani." Aliniambia mimi, si fundi.

Siku mbili nilishika tochi na bisibisi. Fundi aliivua mashine ile taratibu, kama anayemvua mgonjwa nguo. Ubao wa umeme ulikuwa umeungua, lakini pampu aliipulizia vumbi, akaiunganisha na waya, ikazunguka. Akacheka peke yake. Chini ya sanduku palibaki tundu kubwa pale maji yalipokuwa yakitokea. Alilikatia bamba kutoka kwenye mlango, akalitia koki, akalibana kwa skrubu, na kuziba kingo zake kwa nta ya mama iliyoyeyushwa. Gundi ya dukani aliikataa. Alisema asali ina pua kuliko mbwa.

Maneno hayo niliyasikia, sikuyaelewa. Sanduku lilikuwa bado na harufu ya mafuta mazee ya vyombo vya watu. Jumatano asubuhi nikachukua sabuni yangu ya kuogea, ya waridi, niliyotoka nayo Dar es Salaam, nikaliosha mara tatu kwa maji ya moto. Nilijiona nimemaliza kazi.

Mjomba alifika mchana na ndoo zake. Nilimwamkia, akaitikia, akaingiza kichwa ndani ya sanduku. Akakaa humo muda. Alipokitoa aliuliza kwa upole, "Nani ameoga humu?"

Nilitamani nami niingie humo nijifungie. Akanieleza kwamba walina asali wa kwao hawagusi sabuni ya manukato siku kadhaa kabla ya kupanda kwenye mizinga, maana nyuki huisikia na kuudhika. Na asali nayo ni hivyo hivyo: ukiiweka penye harufu, inaichukua, hairudishi.

Fundi ni Mzaramo, mjomba ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani, na fundi hakuiacha nafasi ipite. Alisema haijapata kusikika Mnyamwezi akilalamika kwamba kitu kimeoshwa mno.

"Nyamaza wewe," mjomba akamwambia. "Babu zangu walibeba pembe mpaka pwani, wakarudi wamembeba babu yako."

Lakini huku wakitupiana maneno walikuwa wamekwisha kukunja mikono ya mashati. Tuliliosha sanduku kwa majivu na maji ya moto, tukalisugua kwa majani makavu, tukaliweka juani. Alhamisi alfajiri mjomba akaweka kikombe cha asali ndani, akafunga. Adhuhuri akaonja. "Waridi lipo," akasema. Tukaosha tena. Jioni akaonja, lipo. Ni fundi aliyepiga magoti na kunusa kingo za lile bamba. Nta ndiyo iliyoinywa sabuni yangu. Akafungua kila skrubu aliyoikaza, akakwangua nta yote, akaanza upya.

Mama alirudi Ijumaa kabla ya saa sita. Alikuta ndoo zimefunikwa magunia yaliyoloweshwa maji, na sanduku tupu juani. Hakuketi. Aliuliza kumetokea nini, na macho yake yalikuwa kwangu. Nilifungua kinywa.

"Ni mimi, dada," fundi akasema. "Bamba nililifunga vibaya. Ikabidi nilifungue."

Mama alimsema. Alimwambia miaka yote ya ujirani hakumjua kuwa fundi wa kubahatisha, na kwamba kama mtu hawezi kazi aseme mapema. Fundi, ambaye hurudishiwa friji kwa nadra na hujivunia hilo mtaa mzima, aliinamisha kichwa na kuitikia, ni kweli dada. Nikamtazama mjomba. Mtani wake anasemwa mbele yake, na yeye anafunga na kufungua kishikizo cha sandali yake.

Alasiri walionja tena, mjomba kwanza, kisha mama. Mjomba akafumba macho. "Hii ni msitu mtupu," akasema, nasi tukaanza kumimina.

Jumamosi mnunuzi alifungua koki mwenyewe. Asali ikashuka nyembamba, ya rangi ya chai isiyo na maziwa. Akaonja, akaonja tena, kisha akamwambia dereva wake ashushe madumu yote matupu. Mama aliingia ndani, akatoka amejifuta uso kwa upande wa khanga.

Jioni alinijazia bakuli nimpelekee fundi. Alisema alikuwa mkali mno. Nilimkuta fundi amekalia ile pampu kama kigoda, anakunywa kahawa. Nikampa bakuli kwa mikono miwili, nikaanza kumshukuru, nikataka kusema kwamba nitakwenda kumwambia mama ukweli.

Alichovya kidole, akalamba.

"Mwambie mama yako imefika," akasema, "na kosa langu sitalirudia."