Maziwa Aliyosukuma Mujomba

Leo jirani anafukiza vibuyu vyake vya maziwa, na mimi nimefunga dirisha: harufu ya moshi ule inanirudisha kwa mujomba.

Mujomba alishuka kutoka Masisi, akakaa uani kwetu akijikuna kovu la zamani muguuni. Mama alimpa maziwa. Walikuwa wamegombania ng'ombe wa baba yao, na kwetu mutu akikunywa maziwa yako, basi amekusamehe. Mujomba alisogeza kikombe mudomoni, shingo ikakakamaa, akakisukuma.

“Unakatala maziwa yangu, kaka? Mbele ya mutoto?”

Kikombe kilianguka, kikalala chini. Mama hakukiokota.

Kesho yake mate yalimtiririka mujomba, hawezi kuyameza. Papa yangu alimwita muganga. Muganga alivua kofia yake, akampepea usoni polepole. Ule upepo mudogo tu ulimkaba koo, kifua kikaruka. Muganga akatazama lile kovu.

“Imbwa ilikuuma?”

Mujomba akaitika kwa kichwa.

“Mama, ugonjwa huu wa imbwa unakatala maji, unakatala hata upepo. Ukishafika hapa, dawa hakuna.”

“Na maziwa?”

“Hata maziwa.”

Mama aliokota kikombe, akakifuta vumbi kwa kitenge chake.

“Basi hakukatala yangu,” alisema, karibu kwa furaha.