Niliwaahidi Theluji Isiyokwisha

Mwanangu, nakumbuka siku niliporudi hapa Taru kutoka Taveta na ng'ombe wa mjomba wangu, wamenona mpaka ngozi zinang'aa. Kiangazi kilikuwa kimetufukuza, nikawaswaga siku nyingi hadi chini ya Kilimanjaro. Kila asubuhi niliiona theluji kule juu, nyeupe pe pe pe, na mifereji huku chini imejaa. Basi nikarudi na kichwa kikubwa. Ujana, mwanangu, ujana!

Nikawakuta wanaume wote ndani ya lambo letu, wanafukua tope kama ilivyo ada kabla ya mvua, ili maji yapate pa kukaa. Mjomba akanipa jembe. Nikalikataa.

"Ya nini, mjomba? Kule mlimani maji hayaishi. Theluji ile itatuzika sote."

"Usiache mbachao kwa msala upitao," akaniambia. "Lambo hili ni letu. Mlima ule umekuahidi nini?"

Nikacheka, nikaenda zangu.

Mjomba alipofariki nilirithi ng'ombe wake, kama ilivyokuwa mila yetu Waduruma, na neno langu likapata uzito. Miaka nenda miaka rudi nikawaambia nyinyi wanangu: kiangazi kikibana, nendeni mlimani. Lambo likajaa tope, na mimi naliona.

Kiangazi kilichopita kaka yako aliondoka na ng'ombe kumi na tisa. Akanipigia simu kutoka huko: "Baba, theluji imebaki viraka. Na mfereji ulionielekeza umekauka." Alirudi na wanne. Wasomi wanasema dunia imepata joto, mvua za mlimani zimepungua, na misitu ya chini imekatwa. Sawa. Lakini lambo nililiua mimi. Nimechoka, mwanangu, hata kujitetea nimechoka.

Juzi nimekusikia ukiwaambia wenzako kuwa utawapeleka ng'ombe hao wanne mlimani, kwa sababu baba alisema. Wallahi, moyo uliniuma.

Basi sikiliza. Ng'ombe hao wasitoke. Waite wenzako mlifukue lambo kabla ya mvua, na kila mwaka mfukue tena. Usitegemee maji ambayo hujayaona mwaka huu kwa macho yako. Na atakayekwambia kuwa baba alisema, mwambie baba alikosea, amekiri mwenyewe.

Mungu akutie nguvu mikononi, mwanangu, na mvua ikija ikukute umemaliza.