Vyura Waliponyamaza

Pangaboi la chumbani kwangu lina kelele. Linakwaruza na kulalamika usiku kucha, na kila mgeni anayelala hapa huniuliza asubuhi nawezaje kupata usingizi chini ya kitu kile. Napata, tena mzito. Shida huja umeme unapokatika. Nyumba nzima huendelea kulala bila habari, lakini mimi, pangaboi likishatulia tu, hukurupuka na kuketi kitandani macho yamenitoka. Nikitambua niko wapi, hucheka peke yangu. Kukurupuka huku nilikuwa nako tangu nikiwa mtoto Ifakara, miaka ya hamsini, na kuna mwaka nusura kuninyime kitu nilichokipenda kuliko hata Krismasi.

Kitu hicho kilikuwa kwenda dunguni. Kwetu, bonde likishajaa maji, watu walihama mji. Walifunga nyumba zao wakaenda kuishi katikati ya mpunga, kila familia katika dungu lake, kibanda kilichosimama juu ya miti mirefu, chini yake maji. Huko ndiko tulikolinda mpunga, mchana dhidi ya ndege, usiku dhidi ya nguruwe na viboko. Huko ndiko kulikuwa na samaki wabichi kila siku, na mpunga ulipokaribia kukomaa tulikula pepeta, ule mchele mchanga uliokaangwa na kutwangwa ungali na joto. Nikiifikiria harufu ya pepeta hata sasa, mate yananijaa.

Lakini mwaka ule ugonjwa wangu ulizidi. Nasema ugonjwa kwa sababu ndivyo ulivyoitwa. Nililala chumba kimoja na Bibi, mama mzazi wa baba yangu, na mara kwa mara nilikurupuka kutoka usingizi mzito nikasimama wima juu ya mkeka, nikitazama mbele bila kuona kitu. Kila mtu nyumbani alikuwa na maelezo yake. Mama alisema ni shibe, na kuanzia siku hiyo chakula changu cha jioni kikapunguzwa. Nililala na njaa na bado nikakurupuka. Baba alisema ni homa, akanimezesha kwinini, ikanifanya masikio yavume na ulimi uwe mchungu hadi siku ya pili. Bibi aliwasikiliza wote wawili kwa huruma, kama mtu anayesikiliza watoto.

"Huyu anaitwa," alisema. "Ana jina la mama yangu. Mama yangu anamwita."

Ni kweli nilirithi jina la mama yake, na kwa sababu hiyo Bibi mwenyewe aliniita "mama". Alikuwa Mkatoliki safi, hakosi Misa, rozari haimtoki shingoni. Lakini aliamini pia kwamba marehemu hawakuhama mbali, na kwamba mama yake alikuwa mwanamke asiyependa kungojeshwa.

Akatoa hukumu. Mtoto anayeruka usingizini halali dunguni, ambako hakuna ukuta, chini ni maji, na ndani ya maji mna mamba. Mimi nipelekwe Mahenge, milimani kwa shangazi, nikafanyiwe tambiko, nikae huko mpaka mavuno yaishe. Nililia mpaka sauti ikakauka. Nililia kwa ajili ya samaki, kwa ajili ya pepeta, na zaidi kwa aibu ya kuachwa kama mtungi uliopasuka.

Aliyeniokoa ni Baba, mtu wa maneno machache. "Nitamfunga kamba," alisema.

Ndivyo nilivyokwenda shambani mwaka ule. Tulivuka kwa mtumbwi, nikiwa nimekaa juu ya gunia la vyombo, mwenye furaha kuliko wote. Jioni ya kwanza Baba alinifunga kiunoni kwa kamba ya katani, ncha ya pili akaifunga kwenye nguzo ya dungu. Mzee Kasiani, jirani yetu wa dungu la pili, alipita na mtumbwi wake akaniona.

"Shikamoo, babu," nikamwamkia.

"Marahaba. He, Apolinari!" akamwita Baba. "Mwaka huu umeleta mbuzi?"

Nilitamani maji yanimeze. Kumbe nguzo ile, ambayo Baba aliichagua kwa kuwa ndiyo imara kuliko zote, ndiyo pia iliyofungiwa kamba ndefu ya makopo. Kamba hiyo ilitoka dunguni ikapita juu ya shamba lote, imening'inizwa makopo matupu na vipande vya debe. Mlinzi akiivuta, shamba zima linapiga kelele. Baba hakuliwaza hilo hata kidogo, na nani angeliwaza?

Mpunga ule ndio ulikuwa tegemeo letu. Msimu uliopita viboko walikuwa wameingia alfajiri, saa ambayo mlinzi huzidiwa na usingizi, wakala na kukanyaga hata tukabakia kula mihogo ya kuomba kwa ndugu. Mama alikuwa bado hapendi kuizungumzia mihogo ile. Safari hii masuke yalikuwa mazito, yameinama, na Baba alikesha akiyalinda mpaka macho yakawa mekundu.

Basi alfajiri moja, mbingu zimeanza kupauka, Baba akashindwa. Alilala ameketi, mkono wake umeachia kamba ya makopo. Mama amelala. Bibi amelala, anakoroma kwa raha zake. Vyura wa bonde zima, ambao ukiwazoea huwasikii tena, walikuwa wanaimba.

Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nimesimama. Nilikuwa nimeruka, kamba ikanidaka kiunoni, nikaanguka na kuning'inia nusu nje ya dungu, na nguzo ikatikisika kwa nguvu zangu zote. Makopo yakalia. Yakalia kutoka dunguni mpaka mwisho wa shamba, kopo baada ya kopo. Bibi akaikamata rozari, akampigia kelele marehemu mama yake, "Mama, mwache! Mwache mtoto!" Mama akanidaka mguu. Na hapo, chini yetu kidogo tu, maji yakapasuka.

"Viboko!" Baba akanguruma.

Walikuwa wawili, wamekwisha kufika pembeni mwa mpunga. Baba akaivuta kamba kama anayevuta nyavu, Mama akapiga sufuria, mimi nikapiga kelele nikiwa bado nimefungwa, na kutoka dunguni kwake Mzee Kasiani akaitikia kwa ngoma. Wale wanyama waligeuka, wakarudi mtoni wakiinua mawimbi yaliyotutikisa. Hawakula suke hata moja. Hata moja! Jua lilipochomoza mpunga wetu ulisimama mzima, na Mama akawa anacheka na kulia kwa pamoja.

Baba alinifungua kamba taratibu. "Ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu."

"Hata vyura?"

Nikafikiri. "Vyura walinyamaza, Baba."

Baba akageuka kuyatazama maji. Alijua, kama kila mtu wa bonde anavyojua, kwamba mnyama mkubwa akiingia majini vyura hukaa kimya. Mama ndiye aliyeanza kucheka. "Na kule Ifakara, usiku, ni nani anayenyamaza?" akauliza, akimtazama mama mkwe wake kwa adabu zote.

"Mimi sikoromi," alisema Bibi.

Mchana huohuo, Bibi na mimi tukiwa tumesinzia kwa joto, Mama alimgeuza Bibi ubavu kwa upole, mkoromo ukakatika. Nikaruka. Mama akaanguka kwa kicheko, na Mzee Kasiani alipopata habari alikuja rasmi, kofia mkononi, kuomba aazimwe "yule mbuzi" kwa siku mbili tatu. Baba alikataa kwa majivuno. Nilikula pepeta ya kwanza ya shamba letu kabla ya mtu mwingine yeyote, na hakuna aliyetaja Mahenge tena.

Kwa miaka mingi nilijigamba kwamba niliokoa mpunga. Nilikuwa mtu mzima, na Baba ameshatangulia, ndipo Mama aliponiambia kwamba nilipokuwa mdogo sana nililala katikati ya Bibi na Babu, na kwamba Babu, ambaye naye alikoroma, alifariki usingizini, ubavuni mwangu. Mimi ndiye niliyewaamsha. Sikumbuki hata chembe. Masikio yangu yalikumbuka.

Hapo nikaelewa jambo dogo ambalo Bibi alilianza baada ya alfajiri ile. Kila alipojigeuza usiku na mkoromo kukatika, alininong'oneza gizani: "Nipo, mama. Lala." Nami nililala. Aliishi hadi akampakata mtoto wangu wa kwanza, na siku hiyo bado alikuwa anakana mbele ya watu wote kwamba anakoroma.