Halbadiri ya Vichwa vya Samaki

Karibu mwezi mzima kijiji chetu kilikula vichwa. Vichwa vya jodari na vichwa vya nguru, midomo imetobolewa na ndoana, na nyuma ya mashavu hakuna kitu, nyama imechanika kama kitambaa kilichonasa kwenye msumari. Mimi nilikuwa mmoja wa wanawake wa bandani, tuliopasua samaki, kuwatia chumvi na kuwaanika ng'onda, kwa hiyo vichwa vile vilipita mikononi mwangu kimoja kimoja. Kama kuna mtu aliyepaswa kujua, ni mimi.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Kijiji chetu, kusini ya Kilwa Kivinje, kilikuwa kimejaa watu walioletwa na malori kutoka bara, wengi wao wakulima wa upande wa Njinjo ambao bahari waliiona kwa mara ya kwanza siku waliyoshushwa. Tulipewa mashua ya mashine na mshipi mrefu wa ndoana nyingi, unaotandazwa alfajiri mbali na mwamba na kuvutwa mchana. Kaka yangu, niliyemfuata kuzaliwa, alichaguliwa kuwa nahodha. Kabla ya hapo alivua kwa mshipi wa mkono, peke yake, na hakuna aliyemuuliza samaki wake wamekwenda wapi.

Mwanzoni mashua ilirudi imejaa. Kisha vikaanza kuja vichwa. Ndoana kumi na vichwa kumi, kila siku, na kaka yangu anashuka majini uso umemkunjamana, anasema hajui. Mwenyekiti wa kijiji, mtu wa bara aliyejua mihogo kuliko alivyomjua mvuvi yeyote, alikuja bandani akakinyanyua kichwa kimoja kwa vidole viwili.

"Mama, hiki kimekatwa na nini?"

"Kisu hakikati hivi, Ndugu Mwenyekiti. Kimevutwa."

"Papa?"

Nikamwambia kweli: papa hukata kama mundu, na mara nyingi humwachia mtu nusu. Hapa hapakuwa na nusu. Akacheka, akawageukia wenzake. "Basi kumbe si kisu, si papa. Ni jini anayependa minofu."

Maneno yale yalitembea kijijini kabla jua halijachwa. Wakasema nahodha na vijana wake wawili wanapasua samaki hukohuko baharini, minofu wanaiuza kwa majahazi yanayopita, vichwa wanaturudishia sisi wajinga. Nyama inachanwa kwa mikono ili isionekane kisu. Watu wa bara walisema hivyo kwa sababu hawakujua bahari, nawasamehe. Watu wa pwani walisema hivyo kwa sababu waliona wivu, hao sijawasamehe hadi leo.

Mkutano wa kijiji uliitishwa. Kaka yangu alisimama katikati akaulizwa mara tatu, na mara tatu akajibu, "Wallahi sijui." Mtu mmoja akasema afukuzwe. Mwingine akasema apelekwe polisi. Siku hizo wanawake tulikuwa tumeanza kusema mikutanoni na tulijiona watu. Nikasimama, nikasema:

"Kama mna hakika kuna mwizi, isomwe Halbadiri. Asomewe kila aliyemla samaki wa kijiji. Tuone itamwangukia nani."

Halbadiri haisomwi kwa mchezo. Ni majina ya masahaba waliopigana vita vya Badri, husomwa juu ya mwizi asiyejulikana, na anayesomewa hudhurika mwilini au katika jamaa zake. Tulilelewa tukiogopa hata kuitaja. Shehe alitutahadharisha kwamba inaweza kumgeukia aliyeitaka. Nikamwambia mimi ndiye niliyeitaka, na inigeukie. Kaka yangu alinitazama kutoka katikati ya duara, akasema na yeye ameridhia.

Sasa niseme ambalo sikulisema mkutanoni. Wiki ile nilipita kwa wifi yangu, mke wa kaka, nikakuta chungu kinachemka, na ndani yake mlikuwa na minofu, mizima, wakati sisi wote tunafyonza macho ya samaki. Wifi alisema ni kolekole, mumewe amemvua kwa mshipi wake wa mkono. Nikasema, "Alhamdulillahi," nikala nikashiba. Nilipotoka nje nilikuwa namhesabia kaka yangu siku za safari: kila siku alikuwa kwenye mashua ya kijiji, huo mshipi wa mkono aliutupa lini? Waliposema mwizi, nilimtetea kwa sauti kubwa kuliko wote, na ndani yangu nilitaka kujua.

Ilisomwa Ijumaa baada ya sala ya alasiri, katika uwanja wa msikiti, ubani unafuka. Katikati ya mkeka waliweka sinia la vichwa vya samaki. Hata Wakristo waliotoka vilimani walikuja wakasimama nyuma yetu wanawake, wamevua kofia. Kaka yangu alikaa mstari wa mbele na kuitikia kila dua.

Siku ya nne baada ya kisomo walitoka kama kawaida. Mchana wakavuta mshipi. Haya nimeelezwa na wale vijana wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hawakupishana neno. Samaki wa kwanza alikuwa mzima. Wa pili pia. Kisha wakaona migongo myeusi inazunguka mashua. Nyangumi, si wale wakubwa wanaopita na watoto wao wakati wa kusi, hawa walikuwa wadogo, vichwa butu, wenye meno. Walijipanga kando ya mshipi na kuchukua samaki mmoja baada ya mwingine, kwa utulivu, kama watu waliokaribishwa. Mdomo wenye ndoana hawakuugusa. Walivuta kiwiliwili, kichwa wakakiacha. Vijana walicheka kwa furaha. Kaka yangu alicheka pia, akawaambia, "Leo tumeokoka, jamani," akauvuta mshipi kwa nguvu ili awahi walau samaki mmoja mwenye alama za meno, awapelekee watu wa kijiji.

Nyangumi mmoja alikuwa bado ameng'ang'ania samaki upande wa pili wa mshipi. Alipozama, mshipi ulirudi baharini kwa kasi, na ndoana ikapita kwenye kiganja cha kulia cha kaka yangu ikatokea upande wa pili. Ikambana kwenye ukingo wa mashua mpaka kijana mmoja alipokata kamba.

Mvua za masika zilikuwa zimeikata barabara ya Lindi. Tulingoja gari siku tatu, mkono umevimba na kunuka. Hospitalini waliukata juu ya kifundo cha mkono.

Aliporudi, kijiji kizima kilitoka kumpokea. Hakuna aliyesema neno baya. Walimpa pole, wakautazama mkono wa kulia usiokuwepo, kisha wakatazamana. Mwizi na mkono wa kulia, nani asiyejua hukumu yake? Vijana walieleza habari za nyangumi hadi wakakauka koo. Watu wakaitikia, naam, nyangumi, tumesikia. Na bibi mmoja wa jirani, mtu wa sala tano, akaniambia kwa upole, "Sasa mwanangu, hao nyangumi unadhani waliitwa na nani?"

Baadaye alikuja bwana samaki, afisa uvuvi wa wilaya. Alisikiliza, akasema bila kushangaa kwamba nyangumi wa namna hiyo wanajulikana, wakishauzoea mshipi wa ndoana nyingi hawauachi, na mashua kubwa za ugenini huliwa samaki wao vilevile. Akatushauri tuhamishe mahali pa kuvulia. Alikunywa uji wake akaondoka. Mwenyekiti hakuitisha mkutano wa kusema wamekosea. Alisema yaliyopita yamepita. Yeye kwani mkono uliokatwa ulikuwa wake?

Kaka yangu aliacha kula na watu. Kwetu mkono wa kushoto haugusi sinia, na yeye hakuwa na mwingine. Nyumbani kwake wanaume walipokaa kula, alijifanya amefunga au ameshiba, kisha akala nyuma ya nyumba kwa kijiko nilichomnunulia Kivinje. Nilizoea kumpelekea chakula hukohuko na kukaa naye. Mchana mmoja alikuwa anahangaika na mwiba kwenye sahani, nikataka kumsaidia, akausogeza mkono wangu.

"Mdogo wangu," akasema, "siku ile uliposimama ukataka isomwe. Ulikuwa unaniamini, au ulitaka kujua?"

"Nilikuamini, kaka."

"Haya," akasema, akaendelea kuutafuta mwiba wake.

Aliishi miaka mingine sita. Hakuniuliza tena, na mimi sikuwahi kupata ujasiri wa kumjibu kweli.