Kufuli Kwenye Bomba la Nje

Jirani yangu hapa Riverside, Buffalo, Marekani, ni mzee wa Kizungu mwenye salamu nyingi, na mimi mtu wa salamu nyingi simwamini. Majani yalipoanza kudondoka, kila tukionana ananiambia nichomoe mpira wa bustani bombani, niuweke ndani kabla ya barafu. Mpira wangu, bomba langu, yeye kinamuuma nini? Siku moja nikakuta kauchomoa mwenyewe, kauviringa vizuri kando ya ukuta, tayari kubebwa.

Kwetu Dar bomba la uani hutiwa kufuli, la sivyo mtaa mzima utakuja kuchota. Basi nikaurudisha mpira, nikaufunga kwa mnyororo na kufuli palepale bombani. Mzee alipouona akatikisa kichwa. Nikasema moyoni, umepatikana.

Baridi ikapiga, kisha ikalegea kidogo, nikasikia maji yakitiririka ndani ya ukuta. Maji yaliyobaki kwenye mpira yaliganda, yakapasua bomba ndani ya ukuta. Kufuli nalo limeshika kutu, ufunguo hauzunguki. Mzee akaja mbio, akashuka kwenye chumba cha chini ya nyumba moja kwa moja hadi kwenye koki kuu, akafunga maji. Kisha akaenda kwake, akarudi na mkasi mkubwa wa chuma, akaukata mnyororo mara moja.

Nilimshukuru, adabu ni adabu. Lakini koki ya nyumba yangu aliijuaje? Na mtu mwema anaweka mkasi wa kukatia minyororo nyumbani wa nini?