Kuba la Parma huko Downsview

Nilikwenda kwa yule mzee Mwitaliano kupaka dari rangi nyeupe. Ndivyo alivyosema kwenye simu: nyeupe, mara mbili, kazi ya siku moja. Mimi ni fundi rangi hapa Toronto, na kazi ya namna hiyo naifanya huku nawaza mboga ya jioni.

Nyumba yake iko Downsview, jirani na maghala. Alinipitisha jikoni hadi kwenye chumba kidogo kinachotazama bustani, na pale mlangoni nikasimama. Chumba kilikuwa na kuta nane. Juu, mbavu za plasta zilipanda kutoka kila pembe zikakutana katikati, kama vijiti vya mwavuli.

"Nani alikujengea hiki, mzee?"

"Mimi mwenyewe. Plasta ndiyo kazi iliyonilisha maisha yote. Nilikijenga mke wangu akiwa hai."

Akatoa kitabu cha picha, kikubwa kama trei, akakifungua juu ya meza. "Nilibatizwa humu, mjini kwetu Italia. Parma."

Kwa nje lilikuwa jengo la pembe nane, la marumaru ya rangi ya waridi, safu za nguzo nyembamba zikipanda moja juu ya nyingine. Nikafunua ukurasa, na hapo nikasahau hata kuvua jaketi. Ndani, kuba zima, lile paa la duara, limechorwa! Mbavu kumi na sita zinakimbilia kileleni, na kileleni penyewe ni pekundu tupu, kama ndani ya tanuri. Chini ya wekundu huo kuna nyota na mitume. Kisha Kristo ameketi katikati ya manabii na wafalme. Chini zaidi ni Yohana Mbatizaji, anahubiri, anabatiza. Karne zote hizo, na rangi bado inawaka.

Baba yangu alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka Morogoro. Kwake nilijifunza kuchora kuku, soda na sura za watu kabla sijajua kupaka ukuta. Toronto hakuna aliyewahi kuniomba nichore kitu.

"Mzee, dari hii siipaki nyeupe."

"Unasemaje?"

"Naichora hivi."

Akacheka. "Binti, wewe unapaka kuta. Hii ilichorwa na watu waliojua."

"Nipe wiki moja."

Nyumbani kwangu, Malvern, nililaza boksi la friji sakafuni nikachora kipande kimoja cha kuba, kuanzia wekundu hadi miguu ya mtume mmoja. Binti yangu akarudi kutoka kazini, akasimama na mkoba begani. Yeye Kiswahili anakielewa, lakini hujibu kwa Kiingereza siku zote. Safari hii kilimtoka chenyewe: "Mama, huyu si babu?"

Nikatazama vizuri. Alikuwa babu yake, na pua yake ile ile.

Mzee alilikagua boksi langu kwa muda mrefu, miwani mkononi. "Mtume ni mzuri," akasema. "Nyekundu ni ya nyanya ya kopo."

"Unataka ipi?"

"Ya moto!"

Nikachanganya mara ya kwanza, akakataa. Mara ya pili, akakataa. Mara ya tatu nikadondosha njano kidogo na nyeusi kiduchu, naye akapiga meza kwa kiganja: "Hiyo! Usiiguse tena!"

Kazi ilichukua Jumamosi tano. Alitaka kupanda ngazi mwenyewe, nikamkatalia, basi akakaa chini kwenye kiti cha jikoni, kitabu mapajani, akiniamuru. Dari yake ilikuwa na mbavu nane tu, kwa hiyo ilibidi tuwapunguze watakatifu, na kila aliyepunguzwa tulimgombania. Nilikuwa nikirudi nyumbani shingo imekakamaa, lakini usingizi haunipati kwa furaha.

Jumamosi ya tano alimpigia dada yake aliyebaki Parma, simu ya video, akaielekeza juu. Halafu yule bibi akapiga ukelele, akamwaga Kiitaliano kama mvua. Mzee alikuwa akicheka huku machozi yanamshuka.

"Anasemaje?"

"Anasema nyota zako ni nyingi mno. Na anasema siku ya ubatizo wangu nililia mpaka sauti ikazunguka kuba lote. Wewe ulibatizwa wapi?"

Nikamwambia: kwenye karai la kufulia, kanisa letu likiwa halijaezekwa, manyunyu yakitulowesha sote, padri hadi mama. Akamtafsiria dada yake, na wote wawili wakacheka hadi simu ikatetemeka mkononi.

Siku hizi mzee anakula chakula chake mle ndani. Jirani yake wa ng'ambo ya barabara aliiona dari, naye anataka ukuta wa ngazi yake uwe na miezi kumi na miwili ya mwaka, kila mwezi na mtu wake, kama ile ya kitabuni iliyochongwa kwenye mawe kule Parma. Nimeanza na Januari, mwanamume anayeota moto, nimemvika jaketi zito la huku.