Dereva wa maiti aliyekataa kaburi lifukuliwe

Saa mbili asubuhi, jua la Mtwara limeshaanza kuuma. Nje ya chumba cha kuhifadhia maiti, Nassoro Likwata amesimama mbali kidogo na Noah nyeupe anayoiendesha. Anainua rimoti, anabonyeza kitufe cha kufungulia na kukishikilia bila kukiachia. Taa zinapepesa, kisha vioo vinashuka vyote kwa pamoja, polepole, bila mkono wa mtu kugusa gari.

Mama mmoja aliyeketi kwenye benchi na ndugu zake anashtuka, anavuta kanga yake karibu.

"Shikamoo, mama," Nassoro anamwambia kwa sauti ya chini. "Ni joto tu linatolewa. Poleni sana."

Gari likiegeshwa juani hugeuka tanuri, na Nassoro hapendi wafiwa waingie tanurini. Anasema mtu aliyefiwa ana moto wake kifuani, huo unamtosha. Ndiyo maana hulipunguzia gari joto kwanza kwa kitufe hicho, akiwa mbali, ndipo awakaribishe. Si magari yote yana uwezo huo, na hata yaliyo nao, wenye nayo wengi hawajui.

Nassoro, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, ni dereva wa kusafirisha maiti kutoka mjini kwenda vijijini. Viti vya nyuma vya Noah vimeng'olewa upande mmoja ili jeneza lilale, na upande wa pili vimebaki kwa ajili ya ndugu. Watoto wa mtaani kwake, Magomeni, huliita gari hilo la mizimu na hulikimbia likipita. Hakuna aliyewahi kulikodi kwa harusi, ingawa linaoshwa kila siku kuliko magari mengi ya maharusi.

Zamani alikuwa dereva wa lori la korosho, akizitoa Nanyamba kuzileta ghalani mjini. Kilichomhamisha ni msiba wa mama yake mzazi. Pikapu iliyombeba marehemu ilikuwa na dereva aliyefungulia muziki njia nzima, na kila alipoombwa apunguze alipunguza kidogo, kisha akaongeza tena. Nassoro alikuwa amekaa nyuma, ameshika jeneza lisirukeruke. Siku ile aliapa moyoni kwamba kazi hiyo inastahili mtu mwenye adabu, na kwa kuwa hakumwona, akaamua awe yeye.

Gari si lake. Ni la mwalimu mstaafu ambaye humpelekea hesabu kila wiki. Safari ya kijijini humpatia kati ya shilingi laki moja na laki mbili kabla ya mafuta, na ziko wiki ambazo hapati safari hata moja. Mkewe, Hawa, hulima mihogo na kuuza makopa kuziba pengo.

"Wenzangu wakiamka asubuhi wanaomba kazi iongezeke," anasema Nassoro, na tabasamu linapita usoni mwake haraka. "Mimi dua hiyo siwezi kuiomba."

Kwa miaka minane aliijua rimoti kwa mambo mawili tu, kufunga na kufungua. Mengine yote aliyajua kwa siku moja, Oktoba ya mwaka jana, katika kijiji cha Mahurunga, na mpaka leo akiisimulia siku hiyo sauti yake hushuka.

Alikuwa amempeleka Tatu, binti wa Mzee Mfaume Nampunju, aliyefariki baada ya kujifungua. Mtoto alipona. Mzee Mfaume ni mkulima wa mikorosho na mihogo, na Tatu alikuwa binti yake wa pekee. Mumewe alikuwa safarini kikazi na hakuwahi kufika. Kwa kuwa wanaume wa ukoo walikuwa wachache, Mzee Mfaume alimwomba dereva asaidie kumpokea marehemu kaburini. Ombi kama hilo halikataliwi.

Nassoro alishuka akiwa na simu kwenye mfuko wa suruali na rimoti kwenye mfuko wa kifuani wa kanzu. Juu yao, kama ilivyo desturi anapozikwa mwanamke, watu walikuwa wametandaza shuka na kulishika pande zote ili kumsitiri. Chini ya shuka hilo walimlaza, wakafungua vifundo vya sanda, wakamgeuza kuelekea kibla. Nassoro alipokuwa anainuka ili atoke alihisi kitu kikimteleza kifuani. Alikipuuza, maana mawazo yake yote yalikuwa kwa marehemu.

Mbao zikapangwa, udongo ukarudishwa, talakini ikasomwa na dua ikaombwa. Watu walipoanza kutawanyika, alijipapasa mfukoni na kukuta mtupu. Gari lilikuwa limefungwa, na rimoti iliyoliwasha ilikuwa hiyo tu.

Walitafuta kila mahali walipodhani pa kutafuta. Walipekua nyasi, wakachambua udongo uliosalia, wakarudi kwa miguu njia yote hadi gari lilipokuwa. Mwishowe Nassoro akasema yale ambayo hadi sasa yanamkosesha raha. Aliwaambia kwamba alihisi ikimteleza wakati yumo kaburini, kwa hiyo imo humo.

"Mimi ndiye niliyesema," anarudia. "Hakuna aliyenilazimisha. Nilisema kama mtu aliyeona kwa macho."

Sheikh wa kijiji, alipoulizwa, alieleza kwamba mali ya mtu ikisahaulika kaburini inaruhusiwa kufukua na kuitoa, ilimradi ifanyike kwa heshima na mapema. Wote wakamgeukia Mzee Mfaume, aliyekuwa bado ana udongo wa binti yake mikononi.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo mzee alilijua. Wakiwa njiani asubuhi, simu ya Nassoro ilikuwa imeita, na familia nyingine ikamwomba awahi kurudi mjini kuchukua maiti yao ya kwenda Nanyamba kabla ya magharibi. Wahenga wanasema haraka haraka haina baraka, lakini maiti ni miongoni mwa machache yanayotakiwa kuharakishwa.

Mzee Mfaume alinyoosha mkono kuelekea kaburini.

"Chimbueni," alisema. "Cha ntu ni cha ntu. Na kuna wenzetu wanansubiri dereva huyu, wamefiwa kama mimi."

Vijana wakachukua majembe. Nassoro anasema alipouona uso wa mzee alijua kwamba ruhusa ile imetoka mahali ambapo hakuna baba anayepaswa kupelekwa. Alisimama kati ya majembe na kaburi na kuwaomba wamsubiri apige simu moja. Alitaka kumuuliza fundi wake, Gaudensi Komba, rimoti mpya inaweza kupatikana kwa muda gani. Hata kama ingechukua mwezi, alikuwa tayari kuliacha gari Mahurunga na kurudi mjini kwa miguu.

Lakini Mahurunga ni jirani na Mto Ruvuma, na simu pale hupenda kukamata mtandao wa Msumbiji. Alijaribu mara kadhaa, simu ikamkaribisha nchi jirani. Ikabidi akimbie hadi kiwanja cha shule, penye mwinuko, huku nyuma yake vijana wakiegemea majembe chini ya mikorosho na kuitazama saa ya alasiri ikisogea.

Gaudensi, mwenyeji wa Mbinga aliyehamia Mtwara, ana kibanda karibu na stendi anapotengeneza simu na rimoti. Anakumbuka kwamba rafiki yake alikuwa akihema kuliko kusema. Alipoelewa kilichotokea alimuuliza iko wapi rimoti ya pili, kwani gari lile lilikuja kutoka Japani na mbili. Nassoro akamjibu kwamba ile ilikufa zamani, wameitundika msumarini nyumbani, mtoto huichezea.

"Nikamwambia, kaka, hiyo unayoiita imekufa ndiyo itakayokurudisha mjini," anasema Gaudensi. "Usiguse kaburi la watu."

Akamweleza taratibu, na Nassoro akawa anarudia kila neno kwa sauti ili asisahau. Ubavuni mwa rimoti kuna kijilimi kidogo. Ukikisukuma, unachomoa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani yake, na huo hufungua mlango wa dereva hata kama betri imekwisha. Ukishaingia, kanyaga breki, kisha igusishe rimoti yenyewe kwenye kitufe cha kuwashia gari. Ndani yake mna alama ambayo haihitaji betri, na gari litaitambua ikiwa imebanwa karibu hivyo. Likilia mlio mdogo, bonyeza, litawaka.

Gaudensi alimwonya pia kwamba mlango ukifunguliwa kwa chuma gari linaweza kupiga kelele za mwizi. Asiogope, aliwashe tu.

Nassoro alirudi makaburini mbio. Majembe yalikuwa yamelazwa chini, hayajagusa kitu. Aliwaambia hakuna kuchimba. Mzee mmoja akamuuliza kama ana hakika, naye akajibu ukweli, kwamba hana, lakini akishindwa ataliacha gari lioze pale pale na kaburi halitaguswa.

Hawa, aliyejulishwa kwa simu, ndiye aliyeichomoa rimoti msumarini na kumkabidhi bodaboda. Ilifika zaidi ya saa moja baadaye, ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Kijilimi kilimshinda Nassoro mara ya kwanza, akakisukuma tena. Chuma kikatoka. Mlango ukafunguka, na gari likapiga kelele Mahurunga nzima, honi na taa, mbele ya nyumba yenye matanga. Wanawake walitoka nje wameshika vichwa. Nassoro anasema hajawahi kuona aibu kama ile. Aliibana rimoti kwenye kitufe, akakanyaga breki, akabonyeza. Injini ikawaka na kelele zikakatika.

Hakuna aliyeshangilia. Vijana walichukua majembe yao wakaenda zao nyumbani. Mzee Mfaume alikuja dirishani, akamshika mkono, akamwachia aende.

Mjini hakuikuta familia ya Nanyamba. Walikuwa wamechoka kungoja, wakakodi lori, na marehemu wao akasafiri juu ya turubai. Nassoro aliwapigia kuwaomba radhi. Maneno aliyojibiwa hataki kuyatoa gazetini, ila anasema walikuwa na haki ya kuyasema. Hilo nalo analibeba.

Kuanzia usiku ule aliishi akiamini kwamba rimoti yake iko chini ya udongo, pembeni ya Tatu. Alikosa hamu ya kula. Hawa anasimulia kwamba mumewe alikuwa akiwaza kama amemfanyia marehemu ubaya kwa kumwachia kitu cha dunia. Alimfuata sheikh wa mtaani kwao, akaambiwa asiwe na wasiwasi, lakini wasiwasi haukuondoka kwa kuambiwa.

Mwezi Februari, Mzee Mfaume alipanda basi la asubuhi kuja mjini. Aliuliza njiani dereva wa maiti anapatikana wapi, akaelekezwa hospitali, akamkuta Nassoro ameketi kwenye kivuli cha gari. Baada ya salamu na kuulizana habari za mjukuu, mzee alitoa leso mfukoni na kuifungua. Ndani yake kulikuwa na rimoti nyeusi.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Shuka lililomsitiri Tatu ni la msikiti, na hutumika akizikwa mwanamke tu. Siku ile lilikunjwa juu ya jeneza la msikiti na kurudishwa stoo, na kwa miezi minne hakuna mwanamke aliyefariki kijijini. Wiki hiyo akafariki mmoja. Walipolikunjua shuka kaburini, rimoti ikadondoka kwenye miguu ya watu. Bila shaka ilinaswa kwenye mkunjo Nassoro alipokuwa anainuka chini yake.

"Tungenfukua bure, mwanangu," mzee alimwambia. "Tungenfukua ntoto wangu, tusikute kitu."

Nassoro alilia mbele ya watu, dereva aliye katika mwaka wa tisa wa kazi hii, ambaye wafiwa wamezoea kumwona mkavu. Alimwomba mzee msamaha kwa kusema jambo asilokuwa na hakika nalo. Mzee akamjibu kwamba walisema wote, na yeye ndiye aliyetoa ruhusa, lakini aliyekataa alikuwa mmoja. Hakukaa sana. Alisema amemwacha mtoto na bibi yake na basi la kurudi halingoji mtu.

Leo Noah ina rimoti mbili zenye betri mpya, moja kwa Nassoro na nyingine kwa Hawa. Akiombwa kushuka kaburini, dereva huyu humkabidhi mmoja wa wafiwa rimoti mbele ya watu wote, huku akitaja kwa sauti kwamba amemkabidhi. Baadhi ya watu humwona ana madoido. Yeye hajali.

Mpango wake sasa ni kuwakusanya madereva wenzake wanaobeba maiti mkoani, wawe na rimoti zao mikononi, na Gaudensi awaonyeshe kilichomo ndani yake, kuanzia chuma kilichofichwa hadi namna ya kuliwasha gari betri ikifa. Mwalimu mwenye gari amekubali kuwapa ua wa nyumba yake. Kumi na mmoja wameshasema watakuja, na Nassoro anatamani wafike wote, hata wale wanaomcheka.

Muuguzi anatokea mlangoni na kumpungia mkono. Marehemu yuko tayari. Nassoro anasimama, anafunga vifungo vya kanzu, kisha anageuka kumalizia alichokuwa anasema.

"Vitufe watavijua, hilo ni jambo la siku moja," anasema. "Ninachotaka ni kwamba dereva akipoteza ufunguo afikirie kila mahali kwanza, kaburi liwe la mwisho. Na akifika hapo pa mwisho, apaache."